Rubi na safaya: nchi iulize mwisho

Swali la msomaji: Nimeletewa mawe mawili yaliyokwisha kukatwa. Jekundu lina karati 2.46 na la buluu karati 3.10. Muuzaji anasema jekundu ni rubi ya Mogok, Myanmar, na la buluu ni safaya ya Sri Lanka, na kwamba yote mawili hayajapigwa moto. Nina lupe (lenzi ndogo ya kukuzia) ya mara 10, tochi na mizani ndogo ya vito. Nitajuaje kama anasema kweli? Na jiwe likishachomwa ndiyo limeharibika?

Jibu: Muuzaji wako ametoa kauli nne kwa pumzi moja: kwamba mawe ni korundamu, kwamba yametoka ardhini, kwamba hayajachomwa, na kwamba yanatoka nchi alizozitaja. Kila kauli ina kipimo chake, na vipimo hufuatana kwa mpangilio huohuo. Wanunuzi wengi huanzia mwisho. Wanabishana kuhusu Mogok wakati jiwe lenyewe huenda ni ganeti, kito kingine chekundu kabisa. Nchi ni kauli nyepesi kuliko zote kutamka na ngumu kuliko zote kuthibitisha.

Majina kwanza, maana yanachanganya. Rubi na safaya, ambazo wazee waliziita yakuti zote mbili, ni madini yaleyale: korundamu, yaani oksidi ya alumini iliyojenga fuwele. Ikiwa safi haina rangi kabisa. Ikiingiwa na kromiamu, mara nyingi isiyofika hata asilimia 1, inakuwa nyekundu, na hiyo ndiyo rubi. Chuma na titani zikikaa jirani ndani ya fuwele hupokezana elektroni, na kupokezana huko ndiko kunakomeza mwanga mwekundu na wa njano hadi jiwe linabaki buluu. Korundamu ya rangi nyingine yoyote, iwe njano, kijani, zambarau au waridi, huitwa safaya. Mpaka kati ya safaya ya waridi na rubi hauna mstari ulionyooka, na hata maabara hazikubaliani nao kila mara.

Je, ni korundamu?

Mizani uliyonayo inatosha kukupa jibu zuri. Chukua kikombe chepesi cha plastiki (kizito kitapita uwezo wa mizani), tia maji na tone moja la sabuni ya vyombo ili viputo visigande kwenye jiwe. Weka kikombe juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba kabisa, lizamishe lote ndani ya maji, lisiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa uzito wa jiwe hewani kwa namba hiyo. Korundamu hutoa 4.00, ikipanda au kushuka kidogo.

Kwa hiyo jekundu lako la karati 2.46, kama ni rubi, litasoma 0.61 au 0.62. Likiwa spineli nyekundu, kito kingine kinachofanana na rubi, ambayo uzito wake ni mara 3.60 ya maji, litasoma 0.68. Likiwa ganeti ya aina ya rodolaiti, litasoma 0.64 hivi. La buluu la karati 3.10 linatakiwa kusoma 0.77 au 0.78, tanzanaiti ya uzito huo ingesoma 0.92 au 0.93. Makosa ya kawaida ni mawili: kiputo kilichojificha chini ya jiwe, ambacho hupandisha namba, na uzi mnene uliozama sana, ambao nao hupandisha namba. Rudia mara tatu. Kwa jiwe la nusu karati kipimo hiki hakifai, maana korundamu itasoma 0.12 au 0.13 na spineli 0.14, na mtikisiko wa mkono tu unatosha kuzichanganya.

Tatizo ni kwamba baadhi ya ganeti nyekundu zenye chuma kingi hufika 4.00 na kupita. Hapo ndipo kipimo cha rangi mbili kinapoingia. Korundamu huugawa mwanga sehemu mbili, na kila sehemu hutoka na rangi yake. Rubi huonyesha nyekundu yenye uzambarau upande mmoja na nyekundu ya kuelekea chungwa upande mwingine. Safaya ya buluu huonyesha buluu ya urujuani na buluu ya kijani. Ganeti, spineli na kioo huonyesha rangi moja tu, uzigeuze utakavyo. Chombo chake ni daikroskopu, kitu kidogo kama kidole, na kati ya vifaa vyote vya bei ndogo hiki ndicho cha kununua kwanza. Ukikikosa, chukua lenzi ya miwani ya jua ya polaroidi, mulika jiwe kwa nyuma kwa mwanga uliotulizwa na karatasi nyeupe, kisha zungusha lenzi polepole robo mzunguko. Rangi ikibadilika, si ganeti wala spineli.

Angalizo moja hapa, kwa sababu linawapotosha hata wazoefu. Kuna mhimili mmoja ndani ya korundamu ambao ukiutazama kwa urefu wake, rangi ya pili haionekani. Wakataji wa rubi hupenda kuuelekeza mhimili huo kwenye uso mpana wa juu, maana ndipo nyekundu inapokuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo ukitazama kutoka juu peke yake unaweza kuikataa rubi halali. Tazama pande tatu tofauti, hasa kupitia ubavuni.

Mwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, amalize mabishano hapo: korundamu husoma 1.762 na 1.770, namba mbili zinazoachana kwa 0.008. Spineli husoma namba moja, 1.718. Rodolaiti inaweza kusoma karibu 1.76, lakini nayo ni namba moja tu.

Usijaribu kukwaruza. Korundamu ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, na ile iliyotengenezwa maabara ina ugumu uleule, kwa hiyo hutapata jibu zaidi ya kuharibu kingo za jiwe. Kulitia motoni ni vibaya zaidi, kwa sababu nitakazoeleza.

Limetoka ardhini au limeoteshwa?

Vipimo vyote vilivyotangulia haviwezi kutenganisha rubi ya mgodini na rubi ya kiwandani. Zote ni korundamu kwelikweli. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kudondosha unga wa alumina kupitia mwali wa oksijeni na hidrojeni. Unga huyeyuka, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kuganda tone juu ya tone hadi kuwa kama mshumaa mnene wa korundamu. Njia hiyo bado inatumika, na mawe yake yamejaa sokoni.

Jiwe huonyesha lilivyokua. Kichwa cha mshumaa wa Verneuil ni cha mviringo kama kuba, hivyo kila tabaka linapoganda huacha mstari uliopinda. Kwenye rubi mistari hiyo ni myembamba na imesongamana, kama mifereji ya sahani ya santuri. Kwenye safaya ya buluu huwa mipana, kama vivuli vya buluu vilivyojikunja. Fuwele ya ardhini hukua kwa nyuso bapa, kwa hiyo mikanda yake ya rangi ni minyoofu na hukutana kwa pembe, mara nyingi pembe za umbo la pande sita. Ukiona mkanda mmoja uliopinda kweli, si wa kukatika kwa ajili ya kona, hakuna haja ya kuendelea: jiwe ni la kiwandani.

Namna ya kuutafuta: mimina maji au mafuta meupe ya kupikia kwenye kikombe cheupe, zamisha jiwe uso wa juu ukitazama chini, mulika kwa chini kupitia karatasi nyeupe. Kimiminika hupunguza mng'ao wa nje unaokuzuia kuona ndani. Kisha geuza jiwe ubavuni, kidogo kidogo, ukitumia lupe. Mistari ya rubi ya Verneuil huonekana kwa pembe moja na kupotea ukisogeza kidogo, hivyo mtu mwenye haraka huikosa. Viputo vya gesi, vya duara au kama kiluwiluwi, ni ushahidi mwingine. Usivichanganye na vijiwe vidogo vya ndani vyenye kona. Kiputo hakina kona.

Zipo rubi zilizooteshwa polepole ndani ya kiyeyushi, yaani kemikali iliyoyeyushwa inayoyeyusha alumina, na hizo hazina mistari iliyopinda. Alama yake ni mabaki ya kiyeyushi, meupe au ya njano, yaliyokunjamana kama shela iliyopeperushwa, na wakati mwingine vipande vya platini vinavyong'aa kama bati. Hizi huhitaji hadubini na jicho lililozoea. Kwa lupe peke yake ni rahisi kuziita rubi zilizochomwa.

Anayenunua mawe ghafi ajue kwamba mishumaa ya Verneuil hupasuliwa kwa urefu ili kuondoa mkazo uliomo ndani. Vipande vyake huwa na upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Vikivunjwa, vikasuguliwa na kupakwa udongo, huingizwa ndani ya fungu la mawe ya kweli. Vingine hupashwa moto na kutumbukizwa ghafla kwenye maji ili vipasuke ndani na kuonekana "vya asili". Nyufa zisikupumbaze; kila mtu anaweza kutengeneza ufa.

Na tazama jiwe ubavuni, kwenye kiuno chake. Kuna mawe ya vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi, ambayo juu ni safaya halisi ya kijani au njano, chini ni rubi ya Verneuil. Ukipitisha lupe juu utaona mikanda minyoofu na hariri ya asili (sindano ndogo za ndani, nitazieleza hapa chini), na utaridhika bure. Ubavuni, ndani ya maji, mstari wa gundi na viputo vilivyolala bapa kwenye tabaka moja hujitokeza.

Limefanyiwa nini?

Hapa ndipo penye mambo mengi, na hapa ndipo thamani inapopatikana au kupotea. Swali lako la kama jiwe lililochomwa limeharibika lina jibu fupi: hapana, kama ni moto peke yake. Rubi na safaya nyingi sokoni zimechomwa. Rangi iliyopatikana ni ya kudumu, ugumu haubadiliki. Ila jiwe zuri ambalo halijachomwa ni adimu zaidi na bei yake ni nyingine, ndiyo maana kauli ya "halijachomwa" inataka ushahidi.

Moto hufanya nini? Chukua safaya yenye ukungu, zile za Sri Lanka ziitwazo geuda. Ukungu wake ni sindano ndogo mno za rutili, ambayo ni oksidi ya titani. Wenye kazi huziita hariri. Titani imo ndani ya jiwe, lakini imejitenga kwenye sindano na haijakutana na chuma. Kwenye nyuzi zaidi ya 1,500, ndani ya tanuri lenye oksijeni kidogo, sindano huyeyuka, titani hutawanyika na kuungana na chuma, na jiwe lililokuwa kama maziwa hutoka buluu na likiwa angavu. Ukilichoma jiwe jeusi kupita kiasi kwenye tanuri lenye oksijeni nyingi, hutokea kinyume: buluu hupungua. Rubi za Mong Hsu nchini Myanmar, zilizoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, huwa na kiini cha buluu-zambarau ambacho moto hukiondoa na kuacha nyekundu.

Sasa chukua lupe, mulika jiwe kwa ubavu huku ukilishika juu ya kitu cheusi, na utafute vitu hivi. Hariri nzima, yaani sindano ndefu zilizonyooka na kukatana kwa pembe za nyuzi 60, inaonyesha jiwe halijapita kwenye moto mkali. Hariri iliyokatika kuwa vidoti vilivyopangana mstari ni sindano zilizoanza kuyeyuka. Vijiwe vya ndani vyenye kingo kali ni dalili ya kutochomwa. Vilivyozungushwa na duara linalong'aa kama sarafu, au vilivyogeuka kuwa matone meupe, vimevimba na kupasua jiwe kwa joto. Duara kama hilo huweza kutokea hata ardhini, kwa hiyo moja halitoshi. Yakiwa mengi, hali ni nyingine.

Kuna alama moja ninayoipenda kuliko zote, na safaya yako ya Sri Lanka ina nafasi nzuri ya kuwa nayo. Tafuta shimo dogo la ndani lenye umbo la fuwele, lenye kimiminika na kiputo kinachotembea. Mara nyingi hicho ni kaboni dioksidi iliyobanwa. Lishike jiwe kwenye kiganja chenye joto au karibu na taa: karibu na nyuzi 31 kiputo hupotea, kwa sababu gesi na kimiminika vimekuwa kitu kimoja. Likipoa, kiputo hurudi. Shimo kama hilo lingelipuka muda mrefu kabla tanuri halijafika mahali pa kubadilisha rangi ya safaya. Ukilikuta likiwa zima, basi jiwe halijaonja moto mkali.

Moto wa chini, chini ya nyuzi 1,000 hivi, ni jambo jingine. Hutumika sana kwenye rubi za Msumbiji kuondoa uzambarau kidogo, na unaweza kuacha hariri ikiwa haijaguswa. Lupe haitakusaidia hapo. Maabara hutumia miale ya infraredi, ambayo huonyesha kama madini yenye maji ndani ya nyufa bado yapo au yamekwisha kuvunjwa na joto. Madoa ya kutu ndani ya ufa unaofika nje hudokeza kitu: ya njano ni ya madini ambayo moto wa nyuzi 300 hivi huyageuza kuwa mekundu. Njano iliyobaki njano ni habari njema. Nyekundu haithibitishi chochote.

Baada ya moto huja vitu vinavyoongezwa. Boraksi na viyeyushi vingine hutiwa tanurini ili nyufa zijizibe zenyewe. Mabaki yake hubaki ndani kama alama za vidole zenye vitone vya kioo. Ripoti za maabara hukadiria mabaki hayo kuwa kidogo, ya wastani au mengi, na neno hilo moja huhamisha bei sana.

Kioo cha risasi ni daraja jingine kabisa. Tangu mwaka 2004 hivi, korundamu nyekundu iliyopasukapasuka, isiyofaa hata kukatwa, husafishwa kwa asidi na kujazwa kioo chenye risasi nyingi, ambacho hupinda mwanga karibu sawa na rubi, hivyo nyufa hazionekani. Jiwe kubwa, jekundu, safi na la bei ndogo: shuku hili kabla ya jingine lolote. Mulika ndani na litikise taratibu chini ya lupe. Nyufa zitameta buluu au zambarau, kisha chungwa ukibadili pembe. Utaona viputo bapa ndani ya nyufa zenyewe. Kisha acha mwanga ugonge uso wa nje: kioo kina mng'ao hafifu kuliko korundamu, hivyo nyufa huonekana kama mito myembamba iliyofifia juu ya uso unaong'aa.

Mwenye jiwe hilo ajue analotunza. Asidi hula kioo, hata maji ya limau na baadhi ya sabuni za kusafishia choo zikikaa juu yake. Sonara akigusa pete kwa moto wa kulehemu jiwe likiwa ndani, kioo huyeyuka na kutoka jasho. Asidi ya kusafishia dhahabu baada ya kulehemu humaliza kilichobaki. Kwa sababu hiyo maabara nyingine hazikubali kuliita rubi tu. Huandika kwamba ni mchanganyiko wa rubi na kioo. Safaya nazo hujazwa kioo cha risasi kilichotiwa kobalti ili zipate buluu, na dalili ni zilezile: rangi imelala ndani ya nyufa.

Mwisho ni rangi ya kuingizwa. Titani ikipakwa juu ya safaya hafifu na kuchomwa kwa joto kali sana, huingia ndani kidogo tu, kwa kawaida chini ya nusu milimita. Zamisha jiwe kwenye mafuta juu ya mwanga mweupe: kingo za nyuso huonekana zimechorwa kwa buluu nzito, kama mtu aliyepitisha kalamu, na kiuno kina mpaka mweusi. Rangi ya asili haifuati mkono wa mkataji. Hukata katikati ya nyuso bila kujali umbo. Na jiwe hilo halitakiwi kukatwa upya, maana rangi itaondoka na vumbi.

Berili ni mjanja zaidi. Atomu yake ni ndogo na hupenya jiwe lote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 safaya nyingi za chungwa na njano zilitokea sokoni kwa wingi usioeleweka, zikiwemo zilizotokana na mawe ya Songea, Tanzania, na ikagundulika kwamba berili ilikuwa imeingizwa tanurini. Kwa kuwa elementi hiyo ni nyepesi mno, hata vifaa vya kawaida vya eksirei vinavyopima kemia haviioni. Inahitajika mashine inayong'oa chembe kwa leza na kupima uzito wa atomu. Kwa jiwe la njano au chungwa lenye bei, usikubali maneno. Lipeleke maabara yenye mashine hiyo.

Sasa nchi

Maabara haisomi jina la nchi ndani ya jiwe. Inasoma mazingira ya jiwe kuzaliwa, kisha inalinganisha na mawe ya mfano. Kinachoandikwa ni maoni, na maabara mbili zenye heshima zinaweza kutofautiana. Lakini mazingira yenyewe yanaeleza mengi, na kauli ya Mogok unaweza kuipima leo.

Rubi za Mogok zilizaliwa ndani ya marumaru, mwamba wenye chuma kidogo sana. Chuma huzima mng'ao wa kromiamu. Kwa hiyo rubi ya marumaru ikimulikwa kwa tochi ya urujuanimno ya nanomita 365 gizani huwaka nyekundu kama kaa la moto. Rubi za Luc Yen nchini Vietnam na za Morogoro nchini Tanzania ni za ukoo huohuo wa marumaru. Rubi za mpakani mwa Thailand na Kambodia, zilizoletwa juu na lava ya basalti, zina chuma kingi na huwaka hafifu au hazionekani kuwaka. Katikati kuna za Montepuez, Msumbiji, zilizogunduliwa mwaka 2009, na za Winza mkoani Dodoma, zilizopata sifa kuanzia mwaka 2008; zina chuma cha wastani na mwako wa wastani.

Kwa hiyo: jekundu lako likiwaka hafifu, kauli ya Mogok imeanguka, na huna haja ya kulipia maabara kuiangusha. Likiwaka sana, bado hujathibitisha Mogok. Verneuil nayo huwaka sana, mara nyingi kuliko ya asili, na spineli nyekundu pia huwaka. Ndiyo maana tulianza na maji na rangi mbili.

Safaya zina makundi mawili makubwa. Zile za Sri Lanka, Kashmir, Mogok na Ilakaka ya Madagascar (iliyoibuka mwaka 1998) hutoka kwenye miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo. Chuma ni kidogo, buluu ni angavu. Za Australia, Thailand, Nigeria na kaskazini mwa Ethiopia hubebwa na basalti. Chuma ni kingi, buluu huelekea weusi au kijani. Spektroskopu, kifaa kinachotawanya mwanga katika rangi zake, hutofautisha makundi haya haraka, maana chuma huacha mkanda mweusi karibu na nanomita 450, mnene kwa mawe ya basalti. Safaya ya Verneuil kwa kawaida haina mkanda huo kabisa.

Tatizo la kauli ya Sri Lanka ni Madagascar. Hariri ndefu, mashimo ya kaboni dioksidi, fuwele za zikoni: vyote hupatikana pande zote mbili, na kemia zao zinapishana. Buluu lako likiwa jeusi lenye ukijani ubavuni, si la Ratnapura, eneo la vito la Sri Lanka. Likiwa angavu na lenye hariri ndefu, muuzaji anaweza kuwa sahihi, na bado anaweza kuwa amekosea kwa upana wa Bahari ya Hindi bila kudanganya. Kashmir nayo hutajwa sana kuliko inavyopatikana. Machimbo yake makuu yalifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuchimbwa karibu yote ndani ya miaka michache.

Kama mawe yamefaulu hatua za mwanzo, mwambie muuzaji kwamba utanunua kwa sharti la ripoti, na kwamba gharama ya ripoti atailipa yule ambaye kauli yake imeshindwa. Anayeamini jiwe lake hukubali. Akitoa ripoti aliyonayo tayari, soma mstari wa matibabu kabla ya mstari wa nchi: maneno "korundamu ya asili" yanamaanisha tu kwamba jiwe limetoka ardhini, hayasemi halikuchomwa. Hakiki namba ya ripoti kwenye tovuti ya maabara yenyewe, si kwa kiungo alichokutumia. Kisha pima jiwe. Ripoti huandika uzito hadi sehemu ya mia ya karati na vipimo hadi sehemu ya mia ya milimita. Ripoti ikisema 2.46 na mizani yako iliyosawazishwa ikasema 2.41, ripoti inaweza kuwa halali kabisa, ila ni ya jiwe jingine.